Kisangani: Mtu wa langoni na watoto waliovuka mto

Saa moja kasorobo asubuhi, kabla rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mwembe haijagongwa kuwa kengele, kuna mtu mmoja shuleni anayewaona wanafunzi wote. Prefe yuko ofisini na karatasi zake. Mwalimu atawaona wa darasa lake tu. Mtu wa langoni ndiye anayejua nani amekuja bila kula, nani amevaa shati la kaka yake, na nani jana aliingia akicheka lakini leo anapita kando ya ukuta asitake kuonekana.

Nimeifanya kazi hiyo kwa miaka minne katika shule moja ya sekondari mjini Kisangani, ukingo wa kulia wa mto. Kwenye karatasi nilikuwa msimamizi wa nidhamu. Wanafunzi waliniita papa, kama wanavyomwita kila mwanamume wa shule asiyeshika chaki. Tuko wengi wa namna hiyo: sentineli wa lango, katibu anayepokea ada, mama anayefagia na kuchota maji, yule wa kugonga kengele. Hatumo katika picha za mwisho wa mwaka, na mara nyingi hatumo hata katika orodha ya mishahara ya serikali. Lakini mtoto akipata shida, huanzia kwetu, labda kwa sababu sisi hatumpi maksi.

Makala hii ni juu ya jambo nililojifunza pale langoni. Nililijifunza baada ya kukosea, na kosa lenyewe nitalieleza kama lilivyokuwa.

Mji wa kingo mbili

Kwa msomaji asiyeujua mji wetu: Kisangani, makao makuu ya jimbo la Tshopo, una tarafa sita. Tano kati yake, yaani Makiso, Mangobo, Tshopo, Kabondo na Kisangani yenyewe, ziko ukingo wa kulia wa mto Kongo. Ya sita, Lubunga, iko peke yake ng'ambo, ukingo wa kushoto, mahali inapoanzia reli ya kwenda Ubundu. Hakuna daraja. Anayetoka Lubunga kuja soko kuu, hospitalini au chuo kikuu hupanda mtumbwi.

Februari 2023, ugomvi wa ardhi kati ya jamii za Wambole na Walengola uligeuka kuwa mauaji. Chanzo kilikuwa mashamba yaliyotolewa kwa kampuni ya kilimo upande wa Ubundu, na swali la zamani juu ya nani mwenye haki ya kuitoa ardhi ile. Nyumba zilichomwa, vijiji vikabaki vitupu, na vita hivyo vikaingia hadi Lubunga, ambako jamii hizo mbili zilikuwa zikiishi mtaa mmoja, zikioana na kuzikana. Katika miezi iliyofuata mamia ya watu waliuawa na makumi ya maelfu wakahama makwao. Wengi walivuka mto kwa mitumbwi. Walilala makanisani, kwa jamaa zao, katika majengo ya shule, popote palipokuwa na paa.

Watoto wao walihitaji kusoma. Shule zilizopokea wanafunzi hao zilikuwa tayari zimejaa. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2019, madarasa mengi nchini yana watoto wengi kuliko madawati, na sekondari nazo zinabanwa na wimbi hilo linapopanda. Sasa kwenye dawati la watatu aliketi wa nne, na huyo wa nne alikuwa amevuka mto usiku, hana daftari, na mara nyingine hana habari ya baba yake yuko wapi.

Lakini tatizo lililonipa mimi kazi halikuwa madawati. Watoto wa jamii zote mbili walikimbilia ukingo uleule. Mtoto aliyekimbia Wambole na mtoto aliyekimbia Walengola walikutana kwenye lango langu, kwa sare ileile ya bluu na nyeupe, asubuhi ileile.

Kosa langu

Wiki ya kwanza niliambiwa nitengeneze orodha ya wanafunzi wapya waliohama, ili wasifukuzwe kwa ada. Nia ilikuwa njema. Nikafanya jambo lililonijia kwanza kichwani: asubuhi, baada ya bendera kupandishwa na wimbo wa taifa kuimbwa, nikasimama mbele ya mistari yote na kusema, wale waliotoka Lubunga wapige hatua mbili mbele.

Walitoka kumi na mmoja. Nilijua wako zaidi ya hapo. Wale kumi na mmoja walisimama kwenye vumbi mbele ya shule nzima, na mimi nikaanza kuandika majina. Hapa kwetu jina linasema mengi. Nilipomwita wa tatu kwa sauti, niliona wa sita akigeuza shingo kumtazama. Nilipomwita wa sita, wa tatu akamtazama yeye. Kwa dakika tano nilikuwa nimewatambulisha watoto ambao walikuwa wakifanya bidii wasijulikane.

Mchana huo walipigana nyuma ya vyoo. Si wote; watatu kwa wawili. Mmoja alipasuka juu ya jicho. Kesho yake wanne kati ya wale kumi na mmoja hawakuja, na mmoja hakurudi kabisa.

Nimeambiwa mara nyingi kwamba wangejuana tu, leo au kesho. Huenda. Ila siku ile niliwajulisha mimi, kwa sauti kubwa, na kwa kitu kimoja tu: mahali walikotoka. Kati ya yote ambayo mtoto anayo, nilichagua lile linalomuuma.

Koleo na waya

Aliyenifundisha njia nyingine hakujua kwamba ananifundisha. Ni sentineli wetu, mzee aliyekuwa na umri wa kutosha kuniita mwanangu. Ujana wake ulipita kwenye mashua za mtoni. Chini ya kiti chake palikuwa na kopo la maziwa ya unga lenye koleo, waya, sindano ya kushonea magunia na vipande vya mpira wa tairi. Kandambili ya mtoto ikikatika, anaishona. Mkoba ukichanika, anaushona. Hatoi hotuba na hatozi kitu.

Nilimtazama kwa siku kadhaa nikaona mambo mawili. La kwanza, mtoto anayengoja kandambili yake hawezi kwenda popote, kwa hiyo anachuchumaa hapo, na mtu aliyechuchumaa huongea. La pili, yule mzee hakuwahi kumuuliza mtoto kwao ni wapi. Aliuliza juu ya vitu. Fundo hili umefunga wewe? Nani alikuonyesha? Hili ni fundo la wavu. Na mtoto ambaye mimi nilimhoji mara tatu ofisini bila kupata neno alianza kueleza jinsi babu yake alivyokuwa akitega samaki maji yakipungua, na mzee akabisha, kwamba kwa maji ya namna hiyo mtego unageuzwa upande wa pili, na yule mtoto akabisha naye.

Walibishana juu ya mitego ya samaki kwa nusu saa. Mtoto aliingia darasani amechelewa, na mimi, msimamizi wa nidhamu, nilitazama pembeni.

Nikaamua kujaribu. Kulikuwa na kijana mmoja mrefu wa humanite ambaye alikuwa akifika shuleni kila siku lakini haingii darasani. Alikaa chini ya mwembe hadi saa sita, kisha akaondoka. Nilikuwa nimeshamwita, nimeshamtisha, nimeshambembeleza. Siku moja niliona kwamba anapokaa pale anaitazama baiskeli yangu. Alikuwa akiutazama mnyororo.

Watu wa Kisangani wataelewa haraka. Mji huu ulibebwa na baiskeli kwa miaka mingi. Wakati magari yalipotoweka kwa vita na umaskini, vijana waliweka kiti cha sponji nyuma ya baiskeli, wakaanza kubeba abiria, na kazi hiyo ikapewa jina la Kilingala, toleka, yaani tupite. Pikipiki zimewapokonya abiria wengi, lakini anayejua toleka anajua baiskeli kama daktari anavyojua mwili. Mimi mwenyewe nililipiwa ada ya mwaka wa mwisho kwa toleka ya kaka yangu mkubwa.

Nikaipeleka baiskeli chini ya mwembe nikaipindua, magurudumu juu. Nikasema mnyororo unaruka kila nikipanda kilima cha daraja la Tshopo. Hakunijibu. Akainuka, akazungusha pedali kwa mkono, akasikiliza, akaomba jiwe. Kumbe alikuwa akiendesha toleka Lubunga tangu akiwa na miaka kumi na miwili, jioni baada ya masomo. Baiskeli ilibaki ng'ambo. Hilo alilitaja kabla ya nyumba.

Tangu siku ile ikawa yeye ndiye anayeitunza baiskeli yangu. Anaifungia, anaipaka mafuta, na kengele ikigongwa inambidi aingie darasani, kwa sababu nilimwambia siwezi kumwachia baiskeli mtu anayekaa nje kama mgeni. Wiki ya pili akaja kijana mwingine, mfupi, mwenye maneno mengi, akitaka kujua kwa nini gurudumu la mbele linacheza. Nilijua majina yao yote mawili. Nilijua huyu ni Mmbole na yule ni Mlengola. Na bila shaka wao walijua kabla yangu.

Sikusema kitu. Nilishika baiskeli isianguke. Yule mrefu alimtazama mwenzake kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana, kisha akampa spana.

Wasomaji wasidhani kwamba siku hiyo walikumbatiana. Kwa wiki tatu hawakusalimiana nje ya lango. Walizungumza juu ya baiskeli tu, na mbele ya baiskeli tu. Lakini walizungumza.

Wataalamu wanasemaje

Baadaye nilitafuta kama kuna watu waliowahi kuyasoma mambo haya. Wapo. Mwaka 1954 Mmarekani Gordon Allport aliandika kwamba watu wa makundi yenye uhasama wakikutana, chuki hupungua ikiwa wamekutana kwa hali fulani: wawe sawa, wawe na lengo moja, wafanye kazi pamoja, na wakubwa wao wawe wameridhia. Kukutana tu hakutoshi. Ile mistari yangu ya asubuhi ilikuwa ni kukutana. Baiskeli iliyopinduliwa ilikuwa na hayo manne yote, ingawa sentineli wetu hakumsoma Allport wala mimi.

Uko utafiti mwingine wa karibuni zaidi, uliochapishwa mwaka 2016 na Hunter Gehlbach na wenzake. Katika shule moja ya Marekani waliwapa wanafunzi 315 wa darasa la tisa na walimu wao 25 maswali mepesi: unapenda nini, unaamini nini, rafiki mwema ni yupi kwako. Kisha baadhi yao wakaonyeshwa mambo matano wanayofanana, mwalimu na mwanafunzi wake. Walimu walioonyeshwa waliona uhusiano wao na wanafunzi hao kuwa mzuri zaidi, na wanafunzi hao wakapata maksi bora. Faida ilionekana hasa kwa wanafunzi weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini, ambao walimu wao wengi hawakuwa wa asili yao.

Shule ile ni ya Marekani, na huku kwetu hakuna anayegawa fomu za namna hiyo wakati hata karatasi ya mtihani mzazi huinunua. Lakini kilichonigusa ni kwamba yale mambo matano yalikuwa madogo. Hawakufananishwa kwa dini wala kabila wala misiba. Mtu anaweza kuanza na kitu kidogo kama mnyororo.

Nilianza kuandika orodha yangu, safari hii ndani ya daftari langu na bila kumsimamisha mtu. Nani anashangilia Malekesa na nani Nika, maana mji huu ukitaka kumfanya bubu aongee mtajie timu hizo mbili. Nani mama yake anauza kwanga. Nani anajua kutwanga lituma, ile ndizi ya kupondwa ambayo mtu wa Kisangani akiwa Kinshasa huitafuta hadi aone haya. Nani analia msimu wa mbinzo umepita bila yeye kwenda msituni kuokota. Hilo la mwisho lilinishangaza. Niliuliza juu ya viwavi hivyo darasani siku mwalimu alipokosa kuja, na nusu saa nzima watoto walishindana kueleza mti gani unatoa mbinzo watamu. Walitumia majina ya miti ya lugha zao, na waligundua miti ni ileile.

Wasichana walikuwa wametangulia

Kwa wasichana sikufanya lolote. Walikuwa wameshajifanyia.

Wana nzango. Asiyeijua: timu mbili husimama zikitazamana, msichana mmoja wa kila upande anajitokeza, wanaruka, wanapiga makofi kwa mwendo wa wimbo, kisha kwa ghafla kila mmoja anatupa mguu mbele. Upande mmoja hupata pointi miguu ikiwa ya kufanana, mwingine hupata ikitofautiana. Ni mchezo wa kusoma mwili wa mwenzako. Huwezi kuucheza bila kumtazama usoni.

Timu zao ziligawanywa kwa urefu na kwa nani aliyevaa raba. Niliwahi kumuuliza mama yetu wa usafi, ambaye alikuwa akichota maji karibu na uwanja wao kila siku, kama hajaona magomvi ya wale wa ng'ambo. Alinicheka. Alisema ugomvi upo, ni wa pointi. Halafu akaniambia kitu ambacho hakikuwa katika ripoti yoyote ya shule: kwamba wawili kati ya wale wapya huwa wanakuja mapema kumsaidia kuchota maji ili wanawe na kufua blauzi moja walizonazo, na kwamba yeye huwapa sabuni bila kuuliza. Mmoja wa kila jamii. Walikuwa wakizikamua blauzi pamoja, huyu ameshika ncha hii na yule ncha ile.

Ni yeye pia aliyenifundisha upande wa lugha. Mji wetu una lugha mbili za barabarani. Kiswahili kilifika kutoka juu ya mto, kupitia Maniema, pamoja na misafara ya Waungwana wakati Tippu Tip alipokuwa mkubwa hapa. Mpunga tunaoula nao ulikuja na wao. Kilingala kilipanda kutoka chini, na meli na askari. Darasani ni Kifaransa. Mimi nilizoea kusema Kiswahili langoni kwa kuwa ndicho cha nyumbani kwetu. Watoto wengi waliovuka walikuwa wepesi zaidi kwa Kilingala, na wengine walikijua Kiswahili ila walikisikia kama sauti ya mtu wa ukingo huu, mwenye kwake. Mama wa usafi alibadili lugha kabla ya kumaliza salamu. Kilingala changu si kizuri, wanafunzi hunicheka. Nikagundua kwamba kuchekwa nako kunasaidia. Mtoto aliyekurekebisha neno hawezi kuendelea kukuogopa kama jana.

Mama mmoja

Ningependa kusema kwamba hayo yote yalitosha. Hayakutosha.

Mwezi Mei alikuja mama wa yule kijana mrefu. Alikuwa amesikia kwamba mwanawe anakaa na mtoto wa upande wa pili na kwamba ni mimi niliyewakutanisha. Hakupiga kelele. Alikataa kiti. Aliniuliza, papa, wewe una watoto? Nikasema wawili. Akaniuliza kama najua nani alimzika mume wake. Nikasema sijui, mama. Akasema hata yeye hajui.

Kila kitu nilichokuwa nimejifunza kilinitoka. Baiskeli, mbinzo, Malekesa, vyote vilikuwa kama vichezeo mbele ya mwanamke yule. Nilitaka kumwambia kwamba watoto hawana hatia. Nashukuru sikusema, maana nadhani alikuwa akilijua hilo kuliko mimi, na lilikuwa halimsaidii.

Tulikaa kimya. Kisha nikamwambia kitu ambacho huwa sikisemi. Mwaka 2000, kuanzia tarehe 5 Juni, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana siku sita ndani ya mji huu, mji ambao haukuwa wa yeyote kati yao. Nilikuwa na miaka tisa. Tulilala chini ya kitanda, watu saba, na siku ya nne shangazi yangu alitoka kutafuta maji. Tulimzika uani, wenyewe, kwa jembe la kulimia, kwa sababu hakuna aliyeweza kufika makaburini. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa nchi yetu dola milioni 325 kwa madhara ya vita vyake, na watu wa Kisangani wangali wanahesabu nani amepata nini. Mama yangu hajawahi kuuliza habari za fedha hizo. Anauliza kwa nini hatukumngojea shangazi hadi asubuhi.

Yule mama akakaa kwenye kiti.

Hatukuzungumza juu ya Mbole na Lengola. Aliniuliza uani kwetu tulipanda nini pale. Nikamwambia mti wa safu, na unazaa, na kwa miaka mingi hakuna aliyetaka kula safu zake. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia jibu la kawaida kabisa. Kabla ya kuondoka alisema mwanawe aendelee kuja. Juu ya yule kijana mwingine hakusema ndiyo wala hapana, na mimi sikumuuliza.

Nimefikiri sana kama nilifanya vizuri. Kuna hatari ya kumwekea mtu msiba wako mezani ili akupe alichokushikia. Hiyo ni biashara, na mtu aliyefiwa huitambua mara moja. Nadhani tofauti ni kwamba siku ile sikuwa na kingine. Lakini nisingemshauri msimamizi mwenzangu aifanye kuwa njia. Mnyororo wa baiskeli unaweza kuutumia kila siku. Kaburi, la.

Mshahara wa nani

Lipo jambo moja ambalo wakubwa wa elimu mkoani wanalijua na hulisikia kila mwanzo wa mwaka. Watu ninaowasimulia hapa, wa lango, wa maji, wa kengele, wengi wao wanaishi kwa kile kinachochangwa na wazazi au kwa ahadi. Walimu wasio na namba ya mshahara wana jina lao, wanaitwa vitengo vipya, na angalau wana chama cha kuwapigia kelele. Sentineli hana. Shule inapoletewa mafunzo ya kuwahudumia watoto walioumizwa na vita, wanaoalikwa ni walimu na wakuu. Sijawahi kuona mama wa usafi amekaa kwenye ukumbi wa mafunzo hayo, ingawa watoto wanafulia blauzi zao kwake.

Yule mzee wetu alilipwa miezi minne kati ya tisa mwaka ule. Nasema hivyo si kwa kuilaumu shule, ambayo nayo ilikuwa ikikopa chaki. Nasema kwa sababu kopo la koleo na waya alilinunua mwenyewe.

Mwaka ulipoisha, kijana mrefu alipita darasa, kwa maksi chache. Mwenzake mfupi alifeli hesabu. Septemba yule mrefu hakurudi. Niliambiwa mama yake alipata mahali kwa ndugu, upande wa Mangobo, na huko kuna shule karibu. Mfupi alirudi, akarudia darasa, na asubuhi ya kwanza alikuja moja kwa moja kwenye baiskeli yangu, akaipindua bila kuniomba, akazungusha pedali kwa mkono na kuinamisha sikio, kama alivyokuwa akifanya yule mwingine.

Nje ya lango alisimama msichana mdogo, mpya, mkoba wa gunia begani, kamba ya kandambili imekatika. Alikuwa akitazama kama anaruhusiwa kuingia. Nilifungua mdomo nimuulize ametoka wapi. Mzee alikuwa ameshasogeza kiti, ameshatoa sindano, anamwambia alete hicho kiatu akione.